Daktari Koch na Maradhi Yanayorudi

Ukurasa huu umezoea kukuletea habari za masheikh, malenga na manahodha wa pwani yetu, na huenda ukashangaa leo kukutana na Mdachi. Jina lake ni Robert Koch. Ndiye aliyemvumbua mdudu wa kifua kikuu, na kwa hivyo kila mtu wa Kwale aliyewahi kwenda hospitali na kikohozi kisichokoma, akapewa kikopo ateme makohozi na kuambiwa angojee majibu, amepita mkononi mwa bwana huyu hata kama jina lake hakupata kulisikia.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa alichokiona amekwisha kusifiwa sana. Mimi nataka kusimulia jambo lililomwandama tangu ujana wa sifa zake hadi uzeeni. Mara tatu alishika dawa, akamwona mgonjwa anapata nafuu, akaamini kwamba amepona. Kisha dawa ikakoma, au nguvu zake zikaisha, na maradhi yakarudi kama mwenye nyumba aliyekwenda sokoni tu. Sehemu kubwa ya mambo hayo ilimpata huku kwetu Afrika ya Mashariki. Na jawabu alilolikosa mpaka akafa lilikuja kupatikana huku huku, miaka sitini baadaye.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, mji wa wachimba madini huko Ujerumani, mtoto wa tatu katika watoto 13. Alisomea udaktari Göttingen, akahitimu mwaka 1866, na baada ya vita vya Wajerumani na Wafaransa akawa daktari wa wilaya katika kijimji cha Wollstein, ambacho leo kiko Poland. Hakuwa na maabara. Alikuwa na chumba kimoja alichokigawa kwa pazia, upande huu wagonjwa, upande ule panya na hadubini. Humo ndimo alimosoma maisha yote ya mdudu wa kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na kondoo na wachungaji wao, na mwaka 1876 akawaonyesha wakubwa wa elimu kwamba ugonjwa huo una mdudu wake maalumu. Mwaka 1880 aliitwa Berlin.

Tarehe 24 Machi 1882 alisimama mbele ya wataalamu wenzake akawaeleza kwamba amemwona mdudu wa kifua kikuu. Wakati huo mtu mmoja katika kila saba waliokufa alikuwa akiuawa na maradhi hayo, kwa hesabu aliyoitoa mwenyewe. Watu wengi wa Ulaya waliyadhania kuwa ni maradhi ya kurithi, ya damu ya ukoo. Wasomaji wangu wa makamo watakumbuka kwamba huku kwetu pia zilikuwako nyumba ambazo watu walisita kuposa kwa ajili ya kikohozi cha babu. Koch aliwaonyesha vijiti vyembamba mno, vilivyotiwa rangi ya buluu, vimelala ndani ya nyama ya mapafu. Akaonyesha kwamba ukivikuza na kumchoma navyo mnyama mzima, naye ataugua. Baada ya jioni ile maneno ya ukoo yalikuwa hayana miguu tena, ingawa yameendelea kutambaa mpaka leo.

Mwaka uliofuata alikwenda Iskandaria na kisha Calcutta kumtafuta mdudu wa kipindupindu, akarudi kwao shujaa. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo tabu ilipoanza. Mtu aliyekwisha kuonyesha adui alidaiwa sasa alete silaha. Huko Ufaransa mshindani wake Louis Pasteur alikuwa amekwisha kupata chanjo ya kichaa cha mbwa, na serikali ya Ujerumani haikupenda kubaki nyuma.

Mwezi Agosti 1890, katika mkutano mkubwa wa madaktari uliofanyika Berlin, Koch alidokeza kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Ilipofika Novemba dawa ilikuwa inatolewa, na dunia ikapatwa na wazimu. Wagonjwa kutoka kila upande wa Ulaya waliijaza miji na mahoteli ya Berlin, wengine wakafia njiani. Waandishi na madaktari wakamiminika; mmoja wao alikuwa Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes, naye alikuwa daktari. Aliyaona yanayofanyika, akarudi kwao na shaka moyoni.

Dawa ile iliitwa tuberkulini. Ilikuwa ya siri, na Koch hakutaka kuitaja imetengenezwa kwa nini mpaka Januari 1891, alipokubali kusema kwamba ni maji ya glisarini yaliyotolewa katika wadudu wenyewe wa kifua kikuu. Mtu alipopigwa sindano alipata homa kali, kisha homa ikashuka, na wengi wakajisikia vyema kuliko walivyokuja. Vidonda vya ngozi vilinywea mbele ya macho. Madaktari wakaandika majina ya waliopona. Miezi haikuwa mingi, majina yale yale yakarudi katika orodha ya wagonjwa, na baadhi katika orodha ya maiti. Daktari Rudolf Virchow aliyepasua maiti hizo alionyesha kwamba ndani ya mapafu wadudu hawakufa. Pengine walikuwa wametawanyika mahali ambapo mwanzo hawakuwapo. Koch akafunga safari kwenda Misri, na wabaya wake wakasema amekimbia. Nyumba yake nayo iliyumba. Mwaka 1893 alimwacha mkewe Emmy akamwoa msichana Hedwig Freiberg, na watu wa Berlin wakapata la kuzungumza kwenye kahawa.

Tuberkulini haikupotea. Imebaki kuwa kipimo cha ngozi, ile sindano ndogo ya mkononi inayosomwa baada ya siku mbili tatu kujua kama mtu amewahi kuingiliwa na mdudu. Kupima inapima, kuponya haiponyi. Koch mwenyewe hakuacha kuitumaini hata siku moja.

Sasa tuje huku kwetu. Mwezi Julai 1897, akitoka Bombay alikokwenda kuchunguza tauni, Koch aliteremka Dar es Salaam. Kwa wasomaji wa Gazi na Msambweni nakumbusha kwamba mji ule wakati ule ulikuwa na mgeni mwingine tunayemjua zaidi. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, liwali wa Gazi aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, alikuwa amevuka mpaka kule Vanga pamoja na watu wake na kujisalimisha kwa Wadachi, akapewa mahali pa kukaa Dar es Salaam. Basi mji mmoja mdogo ulikuwa na mtu aliyefukuzwa kwao na mizinga, na mwingine aliyefukuzwa, twaweza kusema, na sindano yake.

Koch alikaa mpaka mwaka 1898 akichunguza malaria na ile homa ya mkojo mweusi iliyokuwa ikiwaua Wazungu. Dawa ya malaria ya zama hizo ilikuwa kwinini, unga mchungu wa gome la mti. Koch aliona jambo ambalo kila mama wa pwani analijua. Mgonjwa akimeza kwinini homa humwachia, akanywa uji, akaanza kuwatania waliokuja kumtazama. Anaiacha dawa, na baada ya wiki mbili tatu anatetemeka upya chini ya shuka. Hakuumwa tena na mbu mwingine. Ni homa ile ile iliyokuwa imejificha.

Hoja hii aliipeleka mbali. Alipokuwa New Guinea mwaka 1899 na 1900 aliona kwamba wadudu wa malaria wamo katika damu ya watoto wanaocheza wala hawalalamiki, na akaamua kwamba ugonjwa huu huvuka kutoka masika mpaka masika ndani ya watu wanaojiona wazima. Akatunga kanuni: mgonjwa asiache kwinini homa inapokoma, bali aendelee kuimeza kwa siku mbili mfululizo, apumzike siku nane au kumi, ameze tena siku mbili, na hivyo kwa muda wa miezi mitatu. Tangu 1901 madaktari wa Kidachi waliijaribu kanuni hiyo Dar es Salaam kwa wenyeji, wakipita nyumba kwa nyumba kupima damu. Nani atameza shubiri hiyo miezi mitatu hali mwili haumuumi? Na watu wa pwani ni watu wa safari. Leo yuko Dar es Salaam, kesho yuko Bagamoyo, wiki ijayo amepanda jahazi kwenda Unguja. Kazi ile haikuleta matunda yaliyotazamiwa.

Kwa haki ya Koch niseme kwamba hapa aliona sawasawa, ila hakuona yote. Ziko aina za malaria zinazojificha ndani ya ini, na jambo hilo halikujulikana mpaka 1948 lilipothibitishwa na Waingereza wawili, Shortt na Garnham. Huyu Garnham alikuwa amefanya kazi ya udaktari katika serikali ya Kenya kwa miaka zaidi ya 20. Aina iliyo nyingi kwetu pwani haina maficho ya ini, lakini dawa ikikatizwa wadudu waliobaki katika damu huzaana na kurudi vile vile.

Mwaka 1905 Koch alikuja tena. Safari hii alifuata njia ya misafara ya kutoka Dar es Salaam kwenda bara, akichimbua mchanga katika vibanda walimolala wapagazi. Alikuwa akiwatafuta papasi. Homa ya papasi ina tabia ya ajabu: humshika mtu siku chache, ikamwacha mzima kabisa karibu wiki nzima, kisha ikamrudia, ikamwacha, ikamrudia, hata bila ya dawa yoyote kuingia kati. Koch aliwakuta wadudu wa homa hiyo ndani ya papasi na hata ndani ya mayai yao. Wakati huo huo madaktari wawili huko Kongo walikuwa wakigundua mambo hayo hayo. Desemba ya mwaka huo Koch alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Alikuwa na miaka 62, na angeweza kukaa nyumbani.

Hakukaa. Katika ziwa Victoria palikuwa na msiba ambao mfano wake haukuwa umeonekana. Tangu kiasi cha mwaka 1900 malale yalikuwa yakiteketeza watu wa Busoga, Buganda na visiwa vya ziwa. Watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka michache. Huku Kwale mbung'o tunawajua, wako katika misitu ya Shimba na wanawasumbua ng'ombe wetu, lakini mbung'o wa ziwani walikuwa wakiwachoma wavuvi na wachota maji na kuwatia mdudu anayepanda mpaka kwenye ubongo. Mgonjwa huvimba tezi za shingo, hukonda, husinzia mchana na kukesha usiku, akaropoka, mwisho akalala asiamke.

Mwaka 1906 Koch alianzia Amani, katika milima ya Usambara. Mtu akisimama Vanga siku ya mbingu safi huiona milima hiyo upande wa kusini na magharibi. Kutoka huko akaenda ziwani, akapiga kambi katika kisiwa cha Bugala, kikubwa katika visiwa vya Sese, ambavyo vilikuwa chini ya Waingereza. Mkononi alikuwa na dawa iliyoitwa atoksili. Maana ya jina hilo ni kitu kisicho na sumu. Ndani yake mlikuwa na aseniki, ile ambayo matabibu wa Kiarabu wanaijua tangu kale kwa jina la zarnikhi, na hakuna asiyejua kwamba zarnikhi ni sumu.

Mwanzo ulikuwa wa furaha. Koch alichoma sindano ya nusu gramu siku mbili mfululizo, na baada ya siku kumi akachoma tena. Alipochukua maji ya tezi za shingo na kuyatazama kwa hadubini, wadudu hawakuwamo. Watu waliobebwa kwa machela walianza kutembea. Habari zikavuka maji, mitumbwi ikaja na wagonjwa kutoka visiwa vingine na kutoka bara, hata kambi ikawa inatibu watu zaidi ya elfu moja. Nawaza jinsi ilivyokuwa kwa mama wa Sese kumwona mwanawe aliyekwisha kushonewa sanda amekaa kitako anaomba samaki. Asingekubali kuambiwa kwamba mtoto huyo hajapona. Na Koch naye, aliyekwisha kuungua kwa tuberkulini, hakutaka kuambiwa.

Miezi ikapita. Wale wa mwanzo, waliokuwa wameacha sindano kwa kudhaniwa wazima, wakaanza kurudi. Tezi zikavimba, wadudu wakaonekana tena. Kwa sisi tunaosoma leo sababu haina uficho: dawa ilikuwa ikiwaua wadudu waliomo katika damu na tezi, ila kwa wale waliokwisha kuingia ubongoni haikuwa na njia ya kuwafikia. Walikaa humo salama wakingoja damu isafike, kisha wakashuka.

Hapo Koch alifanya kitendo ambacho kila nikisoma habari zake hunisimamisha. Badala ya kuuliza kwa nini dawa imeshindwa, aliona kwamba imetolewa kidogo. Akazidisha, kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Watu wakapatwa na maumivu, kizunguzungu na kutapika, na wengine wakakimbia kambi usiku. Kisha wakaanza kupofuka. Watu 22 wakawa vipofu moja kwa moja, maana aseniki ilikuwa imeunguza mishipa ya macho. Koch alipoona hivyo akarudi kwenye kipimo cha kwanza, lakini macho yale hayakurudi. Maradhi yanayorudi ni jambo moja, na haya ya kutorudi ni jingine.

Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba bila dawa wote wangekufa, na hilo ni kweli. Lakini watu wale walikuwa raia wa mfalme mwingine katika nchi ya kutawaliwa, hawakuulizwa wala hawakuelezwa kipimo kimebadilishwa, na sidhani kama gramu ile nzima ingalichomwa kwa wepesi namna ile katika hospitali ya Berlin. Koch alipoondoka mwaka 1907 alipeleka shauri kwamba wagonjwa wakusanywe katika kambi mbali na wazima, vichaka vifyekwe, na mamba wauawe kwa sababu mbung'o hunyonya damu yao. Wadachi wakajenga kambi hizo upande wao wa ziwa, na watu wakazichukia. Waingereza kwa upande wao waliwahamisha watu wote wa Sese, visiwa vikabaki na ndege na viboko kwa muda wa miaka kumi na zaidi.

Sasa niache kidogo habari za Koch nieleze ilikuwaje dawa zilipopatikana, maana hapa ndipo mambo yanapotuhusu sisi wa Diani, Ukunda na Msambweni hivi leo.

Dawa ya kwanza iliyomuua mdudu wa kifua kikuu kweli kweli ilikuwa streptomaisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943. Waingereza waliijaribu kwa uangalifu mkubwa kuanzia 1947. Walichukua wagonjwa mahututi 107. Wakawapa dawa 55, na 52 wakalazwa tu kitandani kama desturi ya zamani. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika wale wa dawa, na 14 katika wale wasiopewa. Furaha ilioje! Lakini walipohesabu tena baada ya miaka mitano, waliokufa walikuwa 32 upande huu na 35 upande ule. Yale ya tuberkulini yakajirudia. Nafuu ilikuja, kisha wadudu wachache waliostahimili dawa wakazaana, na dawa ile moja ikawa haina kazi juu yao.

Ikajulikana basi kwamba dawa zitolewe mbili au tatu pamoja. Likabaki swali la Koch: mpaka lini? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa mwaka mmoja na nusu, na huku kwetu wengi walichoka njiani. Mwaka 1970 wataalamu wa Uingereza wakishirikiana na hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walianza uchunguzi ambao mpaka leo hutajwa dunia nzima. Waliwagawa wagonjwa mafungu, kila fungu likapewa mchanganyiko wake kwa miezi sita tu, na baada ya hapo dawa zikakatwa makusudi na watu wakafuatwa.

Jambo la kuzingatia ni hili. Ilipofika mwezi wa sita makohozi ya karibu kila mgonjwa, wa fungu lolote, yalikuwa safi. Mtu angalisimama hapo angalisema dawa zote ni sawa. Tofauti ilitokea dawa zilipoachwa. Katika fungu lililotumia streptomaisini na aisoniazidi peke yake, maradhi yaliwarudia watu 29 katika kila mia. Katika fungu lililoongezewa rifampisini yaliwarudia kiasi cha watatu tu katika mia. Wagonjwa wa Afrika ya Mashariki ndio walioifundisha dunia kwamba ubora wa dawa ya kifua kikuu haupimwi kwa mgonjwa anavyojisikia anapoinywa, bali kwa linalotokea baada ya kuiacha.

Yeyote aliyelima muhogo katika udongo wetu anamjua adui aitwaye ndago. Unapiga jembe, unaondoa majani yote, shamba linang'aa jioni ile kama uwanja wa msikiti. Lakini chini zimebaki punje zake, na mvua ya kwanza ikinyesha shamba ni kijani tena. Mdudu wa kifua kikuu ni hivyo. Wengi hufa katika wiki za mwanzo, na ndio maana homa inashuka, kikohozi kinapungua na mtu ananenepa. Wanaobaki ni wale waliolala ndani ya mapafu hawali wala hawazai, na dawa nyingi haziwezi kumuua mdudu aliyelala. Miezi ile mingine ni ya kuwangojea hao. Siku hizi utaratibu wa kawaida katika hospitali zetu ni dawa nne kwa miezi miwili, na mbili kwa miezi minne inayofuata, na hutolewa bure.

Nilikuwa na jirani kule Msambweni, fundi wa mashua, ambaye jina lake silitaji. Alianza dawa hizo siku ambazo hakuweza kunyanyua randa. Mwezi wa pili ulipokwisha alikuwa amerudi kazini na kanzu yake ya Ijumaa imemkaa vizuri. Vidonge vilikuwa vimemchosha, tena vilimgeuza mkojo kuwa mwekundu, akaona aibu mbele ya watu. Ramadhani ilipoandama akaona amepata sababu njema. Alifunga yote thelathini, akasali tarawehe, akala Idi mzima. Mfungo tatu alianza kukohoa. Kufika mwezi wa Maulidi alikuwa anatema damu, na mpwawe mdogo aliyekuwa akilala naye chumba kimoja amekwisha kuambukizwa.

Hili la Ramadhani nalisikia kila mwaka, na linaniuma kwa sababu dini haikumtaka afanye hivyo. Qur'ani katika sura ya al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi ya kufungua na kuzilipa siku zake baadaye. Tena wapo wengi ambao dawa yao ni mara moja kwa siku, na daktari akiridhika na hali ya mwili wao huwaelekeza kuimeza wakati wa daku, saumu isiguswe. Ni suala la kumuuliza muuguzi kabla ya mwezi kuandama, na kumuuliza sheikh kama moyo una wasiwasi. Jirani yangu hakumuuliza yeyote. Alianzishwa upya kwa utaratibu wa wakati ule wa waliorudiwa na maradhi, miezi minane, na katika miezi miwili ya mwanzo sindano ya streptomaisini kila siku, matako yakawa hayakaliki. Safari hii alimaliza, na mpwawe pia.

Narudi kwa Koch nimalize. Mwaka 1908 alizunguka Marekani na Japani akipokewa kama mfalme, pembeni yake Hedwig. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuchoka. Tarehe 7 Aprili 1910 alisoma mbele ya wanachuoni wa Berlin hotuba yake ya mwisho, na ilikuwa juu ya kifua kikuu. Siku chache baadaye moyo ulimshika. Alipelekwa Baden-Baden, mji wa maji ya moto, akafa huko tarehe 27 Mei 1910. Mwili wake ulichomwa, kinyume cha desturi zetu, na majivu yamewekwa ndani ya chuo chenye jina lake huko Berlin.

Mwaka huo huo, Dar es Salaam, alikufa Mbaruk bin Rashid. Gazi hakuiona tena.